UKUBWA WA PUA SI WINGI WA MAKAMASI: Jinsi ya Kupima Sola Inayolifaa Boma Lenu

Wahenga hawakukosea walipotuambia kuwa ukubwa wa pua si wingi wa makamasi. Methali hii tunaitumia sana katika insha, lakini leo nataka tuipandishe juu ya paa. Siku hizi ukipita vijijini utaona paneli za sola zikimetameta juu ya mabati, na hilo ni jambo la kushukuru. Hata hivyo, hebu ingia katika nyumba hizo saa tatu usiku mwezi wa Julai. Katika baadhi yazo utakuta koroboi imerudi mezani, runinga imezima katikati ya taarifa ya habari, na mtoto anamalizia hesabu zake kwa mwanga wa simu ya mama. Paneli ipo. Betri ipo. Pesa nazo zilitoka, pengine za ng'ombe aliyeuzwa au za mkopo wa chama cha akina mama. Je, kasoro iko wapi?

Aghalabu lawama huliangukia jua. Likikosa jua humwangukia fundi. Wengine husema ati sola ni bure tu, heri kungoja stima. Lakini ukichunguza vizuri, mara nyingi utapata kwamba kasoro ni hesabu ambayo haikufanywa. Watu wengi huanza juu wakishuka chini: wananunua paneli kwanza kwa kuwa jirani anayo, kisha betri yoyote iliyopo dukani, halafu wanaunganisha kila chombo walicho nacho. Njia ya sawa ni kinyume cha hiyo. Anza na balbu, uende kwenye betri na paneli, umalizie dukani. Hesabu yenyewe si ngumu. Ni kuzidisha na kugawanya tu, mambo tuliyofunzwa tangu shule ya msingi. Katika makala haya nitajaribu kuifafanua hatua kwa hatua.

TULIKOTOKA

Kabla ya hesabu, historia kidogo. Mwaka wa 1984 Shule ya Upili ya Harambee ya Karamugi, huko Meru, ilikuwa mbali na nyaya za stima. Hapo alikuwepo mwalimu wa kujitolea kutoka Marekani aliyeitwa Mark Hankins. Akishirikiana na mhandisi Mmarekani Harold Burris, aliyekuwa amehamia Kenya, shule iliwekewa taa za sola wanafunzi wakaweza kusoma usiku. Baadaye mafundi wa hapa nchini walifunzwa kazi hiyo, nayo ikasambaa. Kwa hiyo, wenzangu, shule ya upili kama hii yetu ni mojawapo ya mahali sola ya Kenya ilipoanzia.

Katika miaka ya 1990 paneli ndogo za wati 10 hadi 14 ziliuzwa madukani kama bidhaa nyingine yoyote. Watu waliziunganisha na betri ya gari ili kuwasha runinga ndogo isiyo ya rangi. Mwaka wa 2012 kampuni ya M-KOPA ilianza kuuza sola kwa malipo madogo madogo ya kila siku kupitia M-Pesa, na watu wasioweza kulipa pesa nyingi kwa mpigo wakapata mwanga. Haba na haba hujaza kibaba. Lakini kadiri sola ilivyorahisika kununua, ndivyo ilivyokuwa rahisi kununua isiyofaa.

PAA, TANGI NA NDOO

Ili tuelewane, tufikirie maji ya mvua. Mvua hunyesha juu ya paa, hupita kwenye mifereji, huingia kwenye tangi, nasi huchota kwa ndoo. Sola ni vivyo hivyo. Jua ndilo mvua. Paneli ndiyo paa. Betri ndiyo tangi. Taa, simu, redio na runinga ndizo ndoo zetu.

Sasa jiulize: mtu mwenye paa dogo akinunua tangi kubwa mno, litajaa lini? Na mwenye paa kubwa akiweka pipa moja tu, si maji yatamwagika? Je, mwenye watoto kumi wanaochota kutwa nzima atasaidiwa na nini ikiwa hajui wanachota ndoo ngapi? Hapo ndipo utaona kwamba vitu hivi vitatu ni lazima vilingane. Kimoja kikizidi na kingine kikipungua, ni hasara.

Kuna maneno mawili ambayo watu huyachanganya. Wati ni kasi ya kuchota. Wati-saa ni kiasi cha maji kilichochotwa. Balbu ya wati 5 ikiwaka kwa saa 4, imetumia wati-saa 20, yaani 5 mara 4. Basi! Ukijua hilo, umeshaijua nusu ya kazi. Muuzaji hukutajia wati kwa sababu ndizo zilizoandikwa kwenye kibandiko. Lakini kinachokulaza gizani ni wati-saa.

HATUA YA KWANZA: DAFTARI

Mali bila daftari huisha bila habari. Chukua ukurasa mmoja wa daftari lako la mazoezi. Andika kila chombo kinachotumia stima nyumbani, idadi yake, wati zake na saa kinazotumika kwa siku. Wati utazipata zimeandikwa nyuma ya chombo au chini yake.

Tuchukue mfano wa boma moja la kawaida huko Runyenjes, Kaunti ya Embu, upande wa juu karibu na Mlima Kenya. Nyumba ina sebule, jikoni na vyumba vitatu vya kulala. Daftari lao laweza kusomeka hivi:

Taa 5 za ndani, kila moja wati 5, kuanzia saa moja jioni hadi saa tano usiku, yaani saa 4: wati-saa 100.
Taa 1 ya nje ya usalama, wati 3, usiku kucha saa 12: wati-saa 36.
Simu 3, kila moja wati 5 kwa saa 2: wati-saa 30.
Redio, wati 6 kwa saa 5: wati-saa 30.
Runinga ndogo, wati 25 kwa saa 4: wati-saa 100.
King'amuzi cha runinga, wati 10 kwa saa 4: wati-saa 40.

Jumla ni wati-saa 336 kwa siku.

Tazameni mambo mawili hapo. Kwanza, ile taa ndogo ya nje ya wati 3 inatumia zaidi ya redio, kwa sababu haizimwi usiku kucha. Pili, king'amuzi. Watu wengi huandika runinga wakakisahau. Vingi vya vyombo hivyo huendelea kunywa stima karibu vilevile hata baada ya kuzimwa kwa rimoti. Kikiachwa hivyo usiku na mchana, kitakula wati-saa 240 kwa siku, yaani zaidi ya mara mbili ya runinga yenyewe! Dawa yake ni kukizima ukutani. Hiyo haigharimu hata ndururu.

HATUA YA PILI: PUNGUZA KABLA YA KUONGEZA

Kabla ya kukimbilia duka, rudia daftari lako ukiwa na kalamu nyekundu kama mwalimu. Nini kinaweza kupunguzwa?

Tuseme boma letu lingekuwa na balbu za zamani za waya, zile za wati 40, badala ya balbu za LED. Taa 5 mara wati 40 mara saa 4 ni wati-saa 800 kwa taa peke yake. Kwa LED ni 100. Kwa hivyo kubadilisha balbu tano tu kunapunguza haja ya paneli na betri kuliko fundi yeyote awezavyo. Wati-saa ambayo hukuitumia hainunuliwi.

Kisha kuna vyombo ambavyo havifai kuandikwa kabisa katika sola ndogo. Navyo ni vyombo vya joto: pasi, birika la stima, jiko la stima na shawa ya stima. Tuchukue birika la wati 2000. Likichemsha maji ya chai kwa dakika 6 tu, limemaliza wati-saa 200. Hiyo ni zaidi ya nusu ya matumizi ya boma zima kwa siku, na chai yenyewe bado haijatiwa majani! Isitoshe, kutoka kwenye betri ya volti 12 birika hilo lingevuta ampea zaidi ya 160, jambo ambalo lingeyeyusha nyaya za kawaida. Kwa hiyo chai ichemshwe kwa kuni, makaa au gesi, na nguo zipigwe kwa pasi ya makaa. Sola tuiachie kazi zake.

Je, friji? Friji ndogo iliyotengenezwa kwa ajili ya sola yaweza kutumia mamia ya wati-saa kwa siku kutegemea ukubwa wake, joto la mahali na inavyofunguliwa. Hiyo pekee yaweza kukaribia au hata kuzidi matumizi yote ya boma letu. Anayeuza maziwa au soda ataona faida yake, lakini lazima akubali kwamba sasa huenda anapima sola ya nyumba mbili, si moja.

HATUA YA TATU: PANELI

Hapa ndipo watu wengi hujikwaa. Mtu husema, "Paneli yangu ni wati 100, jua huwaka saa 12, kwa hivyo napata wati-saa 1200." La hasha! Wati zilizoandikwa kwenye paneli hupatikana wakati jua ni kali kabisa na paneli yenyewe haijapata joto. Asubuhi na jioni jua ni hafifu. Ukilikusanya jua lote la kutwa, lile hafifu ukalijumlisha na la utosini, utapata kiasi cha jua kamili la saa 4 hadi 6 tu hapa Kenya. Lodwar na Garissa hupata zaidi. Nyanda za juu kama Nyeri, Limuru na sehemu za juu za Embu na Meru hupata kidogo zaidi ya miezi mingine wakati wa kiangazi, kisha miezi ya Juni, Julai na Agosti mawingu na ukungu huzipunguzia.

Sasa, upime kwa mwezi gani? Upime kwa mwezi mbaya. Sola iliyopimwa kwa jua la Februari itakutupa Julai, kama mtu aliyeshona kaptura akasahau kwamba baridi ipo. Kwa boma letu la Runyenjes tutumie saa 4.

Jambo lingine ni upotevu. Si kila tone linaloangukia paa hufika ndooni. Stima hupotea kwenye waya, ndani ya betri, kwa vumbi na kwa joto. Kwa hiyo mafundi huzidisha matumizi kwa 1.3. Kwetu ni 336 mara 1.3, yaani wati-saa 437 hivi. Gawanya kwa saa 4. Jibu ni wati 109. Paneli ya wati 109 haiuzwi, basi tunapanda hadi inayofuata, ya wati 120. Boma kama hilo likiwa Lodwar lingegawanya kwa 6 na kupata wati 73, kwa hivyo paneli ya wati 80 ingetosha. Mnaona? Nyumba moja, watu walewale, runinga ileile, lakini sola mbili tofauti kwa sababu ya mawingu. Ndiyo maana kuiga ya shangazi yako anayeishi kaunti nyingine si busara.

HATUA YA NNE: BETRI

Betri huweka akiba ya usiku na ya siku ya mawingu. Tuseme tunataka akiba ya siku moja na nusu. 336 mara 1.5 ni wati-saa 504.

Sasa kuna siri ambayo muuzaji haitaji. Betri ya asidi haipaswi kutumiwa hadi ikauka. Ukiivuka nusu kila siku, maisha yake hukatika upesi. Kwa hiyo wati-saa 504 ziwe nusu tu ya betri, nayo betri nzima iwe 1008. Gawanya kwa volti 12, upate ampea-saa 84. Dukani utachukua ya 100. Betri ya lithiamu yenyewe huruhusu kutumia asilimia 80 bila kudhurika sana. Ya volti 12.8 na ampea-saa 50 ina wati-saa 640, na asilimia 80 yake ni 512. Kumbe lithiamu ya 50 inafanya kazi ya asidi ya 100! Bei yake ya kununulia huwa juu, lakini hudumu miaka mingi zaidi. Mwenye kununua apige hesabu ya miaka, si ya siku moja.

Na betri ya gari je? Ile imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache za kuwasha injini, kisha ijazwe tena mara moja. Sahani zake za ndani ni nyembamba. Kuitumia polepole usiku kucha hadi ichoke ni kama kumpeleka mkimbiaji wa mita 100 kwenye mbio za masafa marefu. Ataanza vizuri, lakini hatamaliza.

Mwingine atasema, "Basi mimi nitanunua betri kubwa kabisa, ya ampea-saa 200, nisahau shida." Hapa ndipo ile methali yetu ya mwanzo inapouma. Paneli ya wati 120 katika jua la saa 4 hutoa wati-saa 480. Ukiondoa upotevu zinabaki kama 369. Boma linatumia 336. Ziada ni 33 kwa siku. Betri ya 200 ikishuka hadi nusu inahitaji wati-saa 1200 ili ijae tena. Gawanya 1200 kwa 33: ni zaidi ya mwezi mzima! Muda huo wote betri itakuwa na njaa, na betri ya asidi isiyojazwa huota ukoko ndani yake ikafa kabla ya siku zake. Hata ile ya 100 ingengoja nusu ya muda huo. Lakini boma hilohilo likiongeza paneli hadi wati 150, ziada inakuwa wati-saa 125 kwa siku, na betri ya 100 iliyoshuka hadi nusu hujaa baada ya siku 4 au 5. Funzo ni hili: ukiwa na shilingi za ziada, ziongeze kwenye paneli kwanza. Tangi kubwa halileti mvua.

VITU VIDOGO VINAVYOANGUSHA VIKUBWA

Kati ya paneli na betri kuna kidude kinachoitwa kontrola. Kazi yake ni kuzuia betri isijazwe kupita kiasi na isikaushwe. Ukubwa wake hupimwa kwa ampea. Paneli ya wati 120 hutoa karibu ampea 7, ongeza robo kwa usalama, upate karibu 9. Kontrola ya ampea 10 inatosha, ila anayefikiria kuongeza paneli kesho heri anunue ya 20 leo. Wapo watu wanaoiruka kontrola ati wanapunguza gharama. Hao wanaokoa mia wakapoteza elfu.

Invata hubadilisha stima ya betri iwe kama ile ya ukutani. Kama taa zako, redio na runinga ni za volti 12, huihitaji hata kidogo. Ukiihitaji, jumlisha wati za vyombo vitakavyowashwa kwa wakati mmoja, uongeze kiasi. Invata kubwa mno hula betri hata ikiwa haina kazi.

Tusisahau waya. Tuseme paneli iko mita 15 kutoka kwenye betri. Ukitumia waya mwembamba wa milimita mraba 1.5, karibu wati 16 kati ya zile 120 zitaishia kupasha waya joto. Ukitumia wa milimita mraba 6, zitapotea 4 tu. Tena waya mwembamba waweza kuleta moto. Weka fyuzi karibu na betri. Tahadhari kabla ya hatari.

Paneli nayo isibandikwe ikagusana na mabati. Iachiwe nafasi upepo upite chini yake, kwa maana kila nyuzi moja ya joto kupita 25 huipunguzia nguvu kwa karibu asilimia 0.4. Ikifika nyuzi 60, imepoteza asilimia 14. Iinamishwe kidogo, nyuzi 10 hadi 15, ili mvua ioshe vumbi. Na usiiweke penye kivuli cha mwembe au mgrevilia. Kivuli cha tawi moja tu juu ya kona ya paneli kinaweza kupunguza nguvu ya paneli nzima.

UKIFIKA DUKANI

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Siku hizi zipo paneli zenye vibandiko vya uongo. Kwa bahati nzuri fizikia haidanganyiki. Beba utepe wa kupimia. Jua la utosini huleta takriban wati 1000 kwa kila mita mraba, na paneli nzuri ya leo hugeuza kama asilimia 20 yake kuwa stima. Hiyo ni wati 200 kwa mita mraba. Sasa ukionyeshwa paneli yenye urefu wa mita 1 na upana wa nusu mita, ambayo ni nusu mita mraba, haiwezi kuzidi wati 100 na kidogo. Kama imeandikwa "wati 200", mshukuru mwenye duka kwa heshima, uende zako.

Kwa betri ya asidi, tumia mikono yako. Ndani mna madini ya risasi, nayo ni mazito. Betri halisi ya volti 12 na ampea-saa 100 huwa na uzani wa karibu kilo 30. Ukiinyanyua kwa mkono mmoja kama kikapu cha mboga, jua kuna jambo.

Na fundi je? Kanuni za sola za mwaka wa 2012 ziliweka leseni za mafundi kwa ngazi tatu, T1, T2 na T3, kulingana na ukubwa wa kazi. Tangu mwaka wa 2019 mamlaka inayohusika na mambo hayo ni EPRA. Basi kumwomba fundi akuonyeshe leseni yake si kumdharau. Fundi mzuri, tena, atakuuliza swali moja kabla ya kukutajia bei: "Nyumbani mnatumia nini, na kwa saa ngapi?" Asiyeuliza hilo anauza tu, hapimi.

Jambo la mwisho dukani: usinunue mseto wa betri mpya na nzee. Betri nzee humvuta mwenzake chini. Na ile iliyokufa isitupwe shambani wala kuachwa watoto waichezee, kwa sababu risasi ni sumu. Ipelekwe kwa wanunuzi wa betri kuukuu.

KAZI YETU SISI WANAFUNZI

Wenzangu, huenda mtu akauliza, "Haya yananihusu nini mimi ambaye sina hata shilingi ya paneli?" Yanakuhusu sana. Nyumbani kwetu wazazi ndio wenye pesa, lakini pengine sisi ndio tunaojua wati ni nini. Baba na mama wanaweza kutoka sokoni na pesa za mazao ya msimu mzima, wakamkuta muuzaji mwenye maneno matamu, wakarudi na pua kubwa isiyo na makamasi. Pesa hizo hazirudi. Zingeweza kuwa karo. Na atakayesoma gizani mwezi wa Julai ni ndugu yako mdogo.

Basi likizo hii fanya jambo moja. Kaa na wazazi jioni, uwaombe ruhusa kwa adabu, mwandike pamoja lile daftari: chombo, idadi, wati, saa. Zidisha. Jumlisha. Zidisha kwa 1.3, gawanya kwa jua la mwezi mbaya. Ni kazi ya nusu saa tu. Kama boma lenu tayari lina sola inayozimika, hesabu hiyohiyo itawaonyesha kama kinachopungua ni paneli, ni betri, au ni king'amuzi kisichozimwa. Huenda mkagundua hamhitaji kununua chochote.

Tukutane tukiwa na mwanga.